Nyota Kubwa za Usiku: Jinsi Zilivyotambuliwa na Kupewa Majina

Wasikilizaji, mazungumzo yetu ya leo ni juu ya nyota. Si nyota za kupigia ramli, wala za kumtafutia mtu bahati yake, bali ni zile taa kubwa za mbinguni ambazo kila mwenye macho huziona, na wachache tu huzijua kwa majina. Usiku wa giza, pasipo mwezi wala wingu, macho ya mwanadamu yaweza kuona nyota kama elfu mbili au tatu kwa mara moja. Wingi huo humtisha mtu, akadhani ya kuwa kuzitambua ni kazi ya wataalamu peke yao. Walakini zile zing'aazo sana, ambazo wenye elimu huziita nyota za daraja la kwanza, ni ishirini na moja au ishirini na mbili tu katika mbingu zote. Mchungaji ajuaye ng'ombe wake ishirini mmoja mmoja, kwa rangi na kwa pembe, hashindwi kuzijua nyota hizo kwa muda wa mwaka mmoja.

Hapo kale kuzijua hakukuwa mchezo. Palikuwa hapana saa mkononi, wala kalenda ukutani, wala dira mbele ya nahodha. Mkulima aliyekosea majira alipanda mbegu zikaungua kwa jua, watoto wake wakalala na njaa. Baharia aliyekosea nyota usiku aliweza kuipita bandari yake bila kujua, au kukipandisha chombo mwambani. Kwa hiyo historia ya nyota ni historia ya watu waliotaka kuishi, nayo yaligusa bara letu la Afrika na bahari yetu ya Hindi zaidi kuliko watu wengi wadhanivyo.

Tuanze na nyota za shamba. Wako watu wa bara na wa pwani wakijuao kile kifungu kidogo cha nyota sita au saba zilizosongamana kama vifaranga chini ya mama yao. Waswahili hukiita Kilimia, na jina lenyewe lajieleza, kwa kuwa asili yake ni neno kulima. Kilimia huonekana magharibi baada ya jua kushuka katika mwezi wa Aprili, kisha hupotea katika mwanga wa jua kwa muda wa mwezi mmoja na zaidi. Halafu katika Juni huonekana tena, safari hii upande wa mashariki, kabla ya mapambazuko. Ifikapo Novemba huchomoza jua litwapo, nacho hukesha angani usiku kucha. Wazee wa pwani wakasema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Maana yake, kuzama kwake na kuzuka kwake kwafuatana na kubadilika kwa majira, na mwenye kukitazama hapotei.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba neno hili halikukaa kwetu tu. Waxhosa wa Afrika Kusini, ambao kati yao na Mombasa pana mwendo wa maelfu ya maili, hukiita kifungu hicho hicho isiLimela, na zamani wanaume wao walihesabu miaka ya utu uzima wao kwa kuzuka kwake. Neno moja kutoka ikweta mpaka kusini mwa bara latuonyesha ya kuwa elimu hii ni ya zamani sana katika jamaa ya lugha zetu, nayo ilisafiri pamoja na majembe na mbegu.

Huko Misri nyota ya shamba ilikuwa nyingine, nayo ni ile ing'aayo kuliko zote za mbinguni. Wayunani waliiita Sirius, Waarabu huiita Shi'ra, na Wamisri wa kale waliiita Sopdet. Kila mwaka ilipotea machoni pao kwa muda wa siku kama sabini. Ilipoonekana tena mara ya kwanza alfajiri, karibu na wakati uo huo maji ya mto wa Nile yalikuwa yakianza kupanda na kuleta tope la rutuba mashambani. Makuhani wakaingoja kama mtu angojavyo barua ya heri.

Walakini kalenda yao ya serikali ilikuwa na siku 365 kamili, nasi twajua ya kuwa mwaka wa jua wazidi hapo kwa robo ya siku. Kwa hiyo kila miaka minne kalenda iliteleza kwa siku moja, hata sikukuu za mavuno zikawa zaangukia wakati usio wa mavuno, na mzunguko huo haukukamilika illa baada ya miaka 1,460 hivi. Katika mwaka wa 238 kabla ya Kristo makuhani walikutana katika mji wa Canopus, karibu na Iskanderia, wakatoa amri ya kuongeza siku moja kila mwaka wa nne. Amri iliandikwa juu ya mawe, wala haikufuatwa. Mpaka Julius Caesar alipotengeneza kalenda ya Roma, iliyoanza kutumika mwaka wa 45 kabla ya Kristo, ndipo siku ile ya nne ilipokubaliwa. Siku tuiongezayo leo mwishoni mwa Februari asili yake ni hiyo.

Sasa tuje kwa wale walioziandika nyota kwa orodha. Yapata mwaka wa 150 mtaalamu mmoja wa Iskanderia, jina lake Ptolemy, aliandika kwa Kiyunani kitabu kikubwa cha elimu ya falaki. Ndani yake mlikuwa na orodha ya nyota zipatazo 1,022, zilizogawanywa katika makundi 48, na kila nyota ilipewa daraja yake ya mwanga: zile kubwa daraja la kwanza, na zile ndogo kabisa daraja la sita. Daraja hizo twazitumia hata leo, ingawa sasa hupimwa kwa vyombo.

Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya tisa. Kisha katika mwaka wa 964 Mwajemi mmoja, Abd al-Rahman al-Sufi, aliyefanya kazi yake Isfahan na Shiraz, akatunga Kitabu cha Nyota Zisizohama. Al-Sufi hakuridhika kunakili maneno ya Ptolemy tu. Alitoka nje, akazitazama nyota kwa macho yake mwenyewe, akasahihisha daraja za mwanga, akaweka majina ya Kiyunani na majina ya Waarabu wa jangwani mahali pamoja ili msomaji asichanganyikiwe. Kila kundi alilichora mara mbili, jinsi lionekanavyo mbinguni na jinsi lionekanavyo juu ya tufe.

Kwa njia hii majina ya Kiarabu yalienea mpaka Ulaya, na mpaka leo mabaharia wa mataifa yote huyatamka, ingawa wengi wao hawajui maana yake. Aldebaran ni al-dabaran, yaani mfuasi, kwa sababu huifuata Kilimia usiku kucha. Rigel ni rijl, yaani mguu. Fomalhaut ni fam al-hut, mdomo wa samaki. Achernar ni akhir al-nahr, mwisho wa mto. Altair ni al-ta'ir, arukaye, na Vega ni al-waqi', atuaye. Waarabu waliwaona kuwa tai wawili, mmoja amekunjua mbawa na mmoja amezikunja. Msomaji ajuaye Kiswahili chenye asili ya Kiarabu ataona ndugu wa maneno haya katika kinywa chake mwenyewe.

Jina moja lina hadithi ya kuwaonya waandishi. Nyota nyekundu iliyo katika bega la kundi la Jawza, ambalo Wazungu huliita Orion, iliitwa yad al-jawza, yaani mkono wa Jawza. Kila aliyesoma chuoni ajua ya kuwa herufi ya "ye" mwanzoni mwa neno hutiwa nukta mbili chini, na herufi ya "be" nukta moja. Mfasiri wa Ulaya alisoma nukta moja mahali pa mbili, yad ikawa bad, na kutoka hapo likazaliwa jina la Betelgeuse ambalo kwa Kiarabu halina maana yo yote. Nukta moja ilipotea miaka mamia iliyopita, wala haikurudi hata sasa.

Tutoke vyuoni, twende baharini. Mabaharia wa bahari ya Hindi waligawanya upeo wa bahari katika sehemu 32, nao hawakuziita kwa namba, bali kwa nyota. Walichagua nyota na makundi kumi na tano. Mahali pa kuchomoza kwake palikuwa pande kumi na tano za mashariki, na mahali pa kutua kwake pande kumi na tano za magharibi. Pande mbili zilizobaki zilikuwa ncha za kaskazini na kusini. Kuchomoza waliita matla', na kaskazini waliiita kwa nyota yake, al-Jah. Tena katika pande za kusini ilikuwamo ile nyota kubwa, Suheli.

Basi tazama lugha yetu. Matlai kwa Kiswahili ni mashariki, na pia upepo utokao huko. Jaa ni kaskazini. Suheli ni kusini. Maneno haya matatu yalishuka kutoka vyomboni yakaingia mijini, wakayatumia hata watu ambao hawajapata kukanyaga jahazi. Mzee wa pwani akisema nyumba yake yaelekea suheli, ataja nyota, ingawa hakukusudia.

Ili kujua chombo kimefika wapi, rubani alikuwa na kifaa chepesi sana kiitwacho kamali. Ni kibao kidogo cha mti kilichopitishwa uzi katikati, na uzi una mafundo. Rubani huuma fundo moja kwa meno, hukisogeza kibao mbele mpaka uzi unyoke, kisha hutazama: ukingo wa chini uguse upeo wa bahari, na ukingo wa juu uguse nyota. Kila fundo lina kipimo chake cha isba, yaani kidole, na duara zima la mbingu ni isba 224. Kila bandari ilikuwa na isba zake. Rubani aliyetaka kwenda bandari fulani alipanda au kushuka mpaka nyota ya jaa ikawa katika kimo cha bandari ile. Kisha aligeuza omo na kufuata kimo kile kile mpaka nchi ikaonekana. Kwa kibao na uzi watu walivuka bahari kuu.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja. Watu wengi hudhani ya kuwa nyota ya jaa ndiyo kubwa kuliko zote. Sivyo; ni ya daraja la pili tu, na sifa yake ni kukaa karibu mahali pamoja huku nyingine zikizunguka. Tena atokaye kaskazini huiona ikishuka kila aendeleapo kusini, na akiisha kupita ikweta huipoteza. Ndiyo sababu marubani waliokuja Kilwa na Sofala iliwapasa kupima nyota nyingine zilizo juu zaidi, na elimu yao ilikuwa kubwa kuliko ya mtu ajuaye nyota moja.

Mkuu wa elimu hiyo alikuwa Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, mahali ambapo leo ni Ras al-Khaimah. Baba yake na babu yake walikuwa marubani kabla yake. Yapata mwaka wa 1490 alimaliza kitabu chake kikubwa juu ya misingi ya elimu ya bahari, ambacho ndani yake alieleza nyota, pepo, majira ya safari na vimo vya bandari. Aliandika pia mashairi mengi ya kufundishia marubani, na moja la mashairi hayo laeleza njia ya kwenda Sofala.

Mtu huyu alisingiziwa jambo, na jambo lenyewe lilitokea katika pwani yetu. Katika Aprili 1498 Mreno Vasco da Gama alifika Malindi na merikebu zake, akitafuta njia ya Bara Hindi. Mfalme wa Malindi akampa rubani. Wakatweka tanga tarehe 24 Aprili. Siku chache baadaye, tarehe 29, Wareno waliandika katika kitabu chao cha safari ya kuwa wameiona tena nyota ya kaskazini ambayo hawakuiona kwa muda mrefu, maana walikuwa wamevuka ikweta. Tarehe 18 Mei wakaona milima ya Bara Hindi. Njia ambayo Wareno waliitafuta kwa miaka mingi ilikamilishwa kwa siku ishirini na kitu na mtu mmoja aliyezijua nyota na upepo wa kusi.

Rubani huyo alikuwa nani? Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na sita mwandishi mmoja wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliandika ya kuwa alikuwa Ahmad ibn Majid, tena ya kuwa alilewa ndipo akaitoa siri. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, aliikubali habari hiyo, nayo ikaenea vitabuni, hata watu wakamlaumu Ibn Majid kwa mizinga yote iliyopigwa pwani hii baada ya hapo.

Lakini neno la mtu aliyeandika miongo mingi baadaye, naye hakuwako, sharti lipimwe na maneno ya walio karibu zaidi. Wareno wenyewe hawakumtaja Ibn Majid. João de Barros, ambaye kitabu chake kilianza kutolewa mwaka wa 1552, asema rubani alikuwa Mwislamu wa Gujarati, jina lake Malemo Cana. Si jina la kuzaliwa. Malemo ni mu'allim, neno lile lile lililotupatia mwalimu, na katika vyombo vya bahari ya Hindi mwalimu ndiye rubani. Cana ni kanaka, neno la Bara Hindi kwa mtu ajuaye hesabu za nyota. Barros aongeza ya kuwa da Gama alimwonyesha chombo chake cha kupimia jua, akidhani atashangaa, na yule rubani hakushangaa hata kidogo, akamweleza vyombo ambavyo wao hutumia kwa kupimia nyota. Wataalamu wa siku hizi, kama G. R. Tibbetts aliyefasiri kitabu cha Ibn Majid kwa Kiingereza mwaka wa 1971, wameikataa hadithi ya ulevi. Mwalimu wa Julfar hana deni. Na mwalimu wa Gujarati tumjua kwa kazi yake tu. Jina lake hasa halikuandikwa.

Baada ya Wareno, Wazungu wengine walifika kusini mwa dunia, wakaona nyota ambazo Ptolemy hakuziona kutoka Misri. Mabaharia wawili wa Kiholanzi, Pieter Keyser na Frederick de Houtman, walizipima katika safari ya miaka ya 1595 mpaka 1597. Mwaka wa 1603 Mjerumani Johann Bayer alichapisha ramani ya mbingu, akazipa nyota herufi za Kiyunani: kwa kawaida ile kubwa katika kundi ni alfa, ifuatayo beta. Kisha mwaka wa 1751 Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alikwenda Rasi ya Tumaini Jema, na kwa muda wa miaka miwili akapima karibu nyota elfu kumi.

Swali kubwa lilibaki: nyota ziko mbali kiasi gani? Njia ya kulijibu ni rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Mtu akitembea barabarani huuona mti wa karibu ukisogea mbele ya mlima wa mbali. Vivyo hivyo dunia izungukapo jua, nyota ya karibu sharti ionekane kusogea kidogo mbele ya nyota za mbali. Katika miaka ya 1832 na 1833 Mskoti Thomas Henderson alikuwa Rasi, akapima ile nyota kubwa ya Alfa Centauri. Kusogea kulikuwako ndani ya hesabu zake, lakini aliogopa kukosea, akakaa nazo. Mjerumani Friedrich Bessel akamtangulia, akatangaza umbali wa nyota nyingine mwaka wa 1838. Henderson alitangaza yake mwaka wa 1839, amechelewa miezi michache. Nyota iliyo jirani yetu ilipimwa kwanza kutoka Afrika, na heshima ya kutangulia ikaenda kwingine. Hata hivyo Afrika haikukosa fungu lake, maana mwaka wa 1915 Robert Innes, akiwa Johannesburg, aligundua nyota hafifu iliyo karibu zaidi na sisi kuliko hata Alfa Centauri. Iliitwa Proxima, yaani ya karibu kuliko zote.

Karibu huko ni kwa hesabu ya mbinguni tu. Nuru huenda maili 186,000 kwa nukta moja ya saa, na kwa mwaka mmoja huenda karibu maili milioni milioni sita. Kutoka Alfa Centauri huchukua miaka minne na zaidi kutufikia, na kutoka Sirius miaka minane na nusu. Kutoka Suheli huchukua yapata miaka 310. Nuru ya Suheli ituangukiayo machoni usiku huu ilitoka kwake muda si mrefu baada ya Waarabu wa Oman kuiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka wa 1698. Sirius yaonekana kuishinda Suheli kwa sababu iko karibu. Kwa kweli Sirius hutoa nuru kama mara 25 ya jua letu, na Suheli yapata mara 10,000. Ni kama kandili iliyo mezani na moto mkubwa ulio ng'ambo ya bonde.

Sasa, wasikilizaji, mzitambue wenyewe. Chukueni saa tatu ya usiku, mahali pasipo taa.

Katikati ya Februari, tazama juu. Utaona nyota tatu zilizopangwa katika mstari mmoja, karibu karibu. Huo ni mshipi wa Jawza. Upande mmoja wa mshipi iko Betelgeuse nyekundu, na upande wa pili Rigel nyeupe. Fuata mstari wa mshipi kwa upande mmoja utafika Sirius, karibu na utosi wako. Ufuate kwa upande wa pili utafika Aldebaran ya rangi ya chungwa, na mbele yake Kilimia. Kisha elekea kusini: ile nyota kubwa nyeupe iliyo katikati ya utosi na upeo, peke yake, ndiyo Suheli. Na ule mshipi wafaa jambo jingine, maana popote ulipo duniani huchomoza karibu mashariki halisi na kutua karibu magharibi halisi.

Katika Mei na Juni, elekea kusini tena. Utaona nyota nne za Msalaba wa Kusini, na mashariki yake nyota kubwa mbili. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Centauri, jirani yetu. Jihadhari, maana kuna msalaba mwingine wa uongo upande wa magharibi, mkubwa zaidi na hafifu zaidi, usio na nyota mbili za kuushuhudia. Mti mrefu wa Msalaba wa kweli, ukiurefusha mara nne na nusu kwa upande wa chini, hukuonyesha ncha ya kusini. Geuka kaskazini, na ile ya rangi ya chungwa iliyo juu ni Arcturus.

Katikati ya Julai Antares huwa juu, nyekundu, katika moyo wa kundi la Nge. Jina lake la Kiyunani maana yake ni mshindani wa Mirihi, kwa sababu sayari hiyo nyekundu hupita karibu nayo na kuwadanganya watazamaji. Agosti na Septemba ni zamu ya tai wawili, Vega upande wa kaskazini, na Altair karibu na utosi. Oktoba utaiona Fomalhaut, na mwisho wa Novemba Achernar upande wa kusini, zote mbili pweke.

Na sayari, utazijuaje? Nyota humetameta, sayari hutoa mwanga uliotulia. Tena nyota hukaa na jirani zake mwaka hata mwaka, na sayari huhama. Zuhura ni nyeupe nayo huzishinda nyota zote kwa mwanga, lakini haikeshi: huonekana jioni magharibi au alfajiri mashariki, na watu wengi wa kale waliidhani kuwa nyota mbili. Mshtarii hufuata kwa ukubwa. Ukiona taa kubwa mahali ambapo mwezi uliopita hapakuwa na kitu, usiipe jina la nyota.

Siku hizi vyombo vilivyorushwa angani vimepima nyota zaidi ya milioni elfu, na mwaka wa 2016 umoja wa wanafalaki wa dunia ulianza kuandika orodha ya majina yatakayotumiwa na mataifa yote. Majina ya Kiarabu ya al-Sufi yamo kwa wingi. Majina mengi ya Kiafrika hayamo, si kwa sababu hayakuwako, bali kwa sababu waliyoyajua hawakuyaandika. Umeona ya kuwa rubani aliyeiunganisha Malindi na Bara Hindi hatumjui jina, na kwamba nukta moja iliyoanguka hupotosha neno kwa karne nyingi. Basi wewe mwanafunzi mwenye kalamu, kwenu yuko babu au bibi, mvuvi au mchungaji, ajuaye nyota zinavyoitwa kwa lugha yenu na kazi gani ilianzwa zilipozuka. Toka naye nje usiku wa giza, mwombe akuonyeshe kwa kidole, tambua ni nyota ipi katika hizi tulizozitaja, uandike jina lake pamoja na mwezi na saa. Nyota zitakuwako miaka elfu ijayo. Babu hatakuwako.